Panda au Baki

4 Februari

Mjomba wangu, shikamoo.

Nimefika, nimepata chumba, na ni mzima. Hayo matatu mwambie mama. Mengine yabaki baina yetu. Chumba kiko nyuma ya duka la mshonaji, kina dirisha moja linalotazama ukuta, na vyerehani vinaanza kelele kabla sijafumbua macho. Mwambie mama asiache dawa zake za presha eti kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anazimeza. Na mguu wako je, bado unakuwasha ule usiokuwepo?

Sasa hilo lililonileta. Nimemwona.

Nilidhani nitamtambua kwa sura ya mwuaji, na sijui sura hiyo nilidhani ikoje. Ni mzee mfupi, mwembamba, ovaroli yake imefuliwa mpaka rangi imekimbia, kalamu nyuma ya sikio. Hapa shule ya udereva wanamwita Mwalimu Taratibu, maana kila neno lake la tatu ni taratibu. Anafundisha ukaguzi wa gari na breki. Breki, Mjomba! Fundi aliyemwua baba yangu kwa breki analipwa kufundisha watu breki. Nilimpa mkono. Akaniuliza kama nimewahi kuendesha chochote. Nikamwambia cherehani. Akacheka, akasema basi mguu wangu tayari unajua kukanyaga taratibu.

Hakunijua. Kitambulisho changu bado kina jina la yule mume tuliyeachana naye, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu yule bwana amenifaa.

Miaka minane nimemsikia mama akilia bafuni akidhani maji ya bomba yanamficha. Huyu miaka minane alikuwa wapi? Miwili jela, sita anakunywa chai. Sikuja hapa kwa ajili ya leseni ya malori, Mjomba. Leseni nitaichukua, lakini nimekuja kumchukua yeye.

Niandikie maneno ya kunitia nguvu.

Mpwa wako


19 Februari

Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, marahaba mara mia.

Barua yako kinyozi alinipa nikiwa na sabuni nusu uso, nikaisoma hivyo hivyo. Endelea kutuma kwake. Nyumbani usitume, mama yako anafungua kila bahasha hata ya umeme. Na simu usinipigie kwa jambo hili. Sikio langu moja lilibaki kule kwenye ajali, nikiongea kwenye simu mtaa mzima unajua habari zetu.

Mama yako hajambo. Jana alipanda juu ya kiti kubadilisha taa, nikamgombeza, akaniambia basi nipande mimi. Tulicheka mpaka akakaa chini. Ananitunza utadhani mimi ndiye kitinda mimba wake. Sahani yangu inatangulia ya kwake. Ndiyo maana namchukia yule mtu zaidi: alimnyang'anya dada yangu mume akamwachia kilema.

Nikukumbushe ili hasira isipoe. Siku ile gari lilitoka gereji asubuhi, mikononi mwake yeye, alikuwa amelishughulikia breki. Tumejaza saruji. Katikati ya mlima likagoma, likasimama kama limepigiliwa misumari, tukakaa pale saa nzima, mimi dereva na baba yako utingo, tukichomwa na jua. Baadaye likakubali, tukafika kileleni, tukaanza kushuka. Nakanyaga breki, hakuna kitu. Baba yako alikuwa anaimba. Mengine unayajua. Walikuta boliti za breki za nyuma zimekazwa. Aliyezikaza ni yeye huko gereji, akasahau kuzilegeza. Mahakamani nilikula kiapo: mimi dereva, kazi yangu usukani, spana sijawahi kuigusa maishani.

Sasa sikiliza. Jifanye mwanafunzi wake kipenzi. Nina hakika mwenye shule hajui kwamba huyo alifungwa. Siku ya mtihani atakuwepo mtahini wa serikali, mwenye shule, na wanafunzi wote. Hapo ndipo utasimama umtaje, na nakala ya hukumu mkononi, nitakutumia. Afukuzwe siku hiyo hiyo. Tuone kama na njaa ataila taratibu.

Mjomba wako, dereva hata bila mguu


11 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mama ameniambia kwenye simu kwamba umeongeza tundu kwenye mkanda. Kula basi, mtu mzima, usimtie wasiwasi. Nakala ya hukumu imefika. Nimeiweka chini ya godoro na naisoma kila asubuhi kama wenzangu wanavyosali.

Nina jambo la kukiri. Jumanne tulikuwa tunajifunza kurudisha trela nyuma kati ya koni. Ni kazi ya kutia wazimu: ukitaka mkia uende kulia, usukani unaupeleka kushoto, na ukizidisha kidogo trela linajikunja. Mwalimu husimama nyuma, pembeni, anakupungia mkono. Mimi namwona kwenye kioo, mdogo, na ile kalamu yake sikioni. Siku hiyo akasogea akasimama katikati kabisa, kati ya trela na ukuta wa uwanja.

Nikawaza: nikiachia klachi ghafla, hii ni bahati mbaya ya mwanafunzi. Watasema mwanamke huyu alichanganya pedali. Nitalia, nitahojiwa, nitarudi nyumbani. Nilimwona baba, Mjomba, namna tulivyoletewa, sanduku limefungwa tusifungue. Mguu ulikuwa umeshaanza kunyanyuka, nakuapia. Gari likatikisika.

Sijui kwa nini niliikanyaga tena klachi. Nilikaa vile, jasho linaniingia machoni. Akaja taratibu mpaka dirishani, akaniambia, "Umefanya vyema kusimama, binti. Ukinipoteza kwenye kioo, simama. Usione aibu kusimama." Nilishuka nikaenda kutapika nyuma ya choo.

Basi ujue kwamba niko tayari kuliko unavyodhani. Sihitaji kuchochewa.

Halafu nikuchekeshe. Juzi tulikuwa barabarani, mpira wa upepo wa breki ukapasuka, gari likakamata magurudumu ya nyuma likaganda pale pale. Tulikaa juani kwa saa tatu nzima tukingoja mpira mpya. Wenzangu wakamsihi atafute ujanja tusogee walau mpaka kwenye kivuli, akakataa katakata. Moyoni nilimdharau. Naona jela ilimfundisha woga.

Mpwa wako


30 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Hapa sote wazima. Bati la jikoni limepeperushwa kona moja na upepo, mama yako amelibana kwa jiwe, anasema likimwangukia nimzike na sufuria zake. Nimempa namba tatu hivi za mafundi, kila mmoja anamwona mwizi.

Huo mguu wako uzuie. Sikulaumu, mimi mwenyewe ningekuwa na miguu miwili sijui ningefanya nini. Lakini akifa kwa ajali atazikwa kama mwalimu mwema, watu watamlilia. Sisi tunamtaka hai, mbele ya watu, asijue pa kuweka uso.

Hilo la saa tatu juani limenichekesha mpaka kinyozi akaniuliza nasoma nini. Hao ndio walimu siku hizi? Mimi gari langu likiganda kwa kukosa upepo sikumngoja mtu. Unachukua ile boliti ndefu, unaichomeka nyuma ya chemba ya breki, unakaza nati kwa spana namba kumi na tisa mpaka springi irudi ndani. Gurudumu linaachia. Chemba moja ni dakika tano. Zote nne unazimaliza chai haijapoa, unaondoka zako. Nilikuwa nazikaza macho nimefumba. Matingo wote waliniita Daktari, waulize wazee wa barabarani. Mwalimu wako usimwambie, atazimia. Lakini wewe ni damu yangu, lazima ujue, usije ukaaibishwa njiani na vijana.

Nakuombea. Siku ya mtihani vaa nguo nzuri, siku hiyo ni yetu.

Mjomba wako


22 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Natumaini bati limepata fundi. Mimi ni mzima, mikono imeota sugu, mshonaji anasema sasa siwezi tena kushika hariri bila kuichana.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ile hukumu.

Jumatatu Mwalimu alitufundisha breki za upepo. Nakueleza kama alivyotueleza, unisahihishe nilipokosea, wewe ndiye mzoefu. Ndani ya kila chemba ya nyuma kuna springi nene. Upepo ukijaa unaibana, gari linatembea. Upepo ukiisha springi inafyatuka, inakamata gurudumu. Kwa hiyo gari lililokosa upepo halikimbii, linaganda, kama letu siku ile. Lakini boliti zikiwa zimekazwa springi imefungwa. Hapo hata upepo uishe wote gari haligandi, na hendibreki ukiivuta haishiki. Linabaki kutegemea upepo uliomo mitungini tu, na ukiumaliza mteremkoni ndio basi.

Baada ya hapo akatusimulia. Hakutaja mtu. Alisema alikaa jela miaka miwili kwa ajili ya boliti ambazo hakuzikaza, na ndiyo sababu akikataa ujanja wa barabarani tusimwone mwoga. Alisema mtu mmoja alikufa, na mpaka leo yeye hajui kama mtu huyo alifahamu amepanda gari la namna gani. Mwenye shule alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Anajua kila kitu, Mjomba. Ndiye aliyemwajiri wiki aliyotoka. Kwa hiyo ule mpango wetu wa siku ya mtihani umekufa.

Niliondoka darasani nimemkasirikia zaidi. Nikasema huyu ni hodari wa kujiliza. Nikafika chumbani, nikatoa barua zako nipate nguvu, nikazisoma zote kwa mfuatano.

Nina maswali mawili. La kwanza: kama boliti zilikuwa zimekazwa tangu gereji, lile gari liligandia nini mlimani? La pili: mtu ambaye hajawahi kugusa spana maishani, namba kumi na tisa aliijuaje?

Usinijibu kwa hasira. Nijibu tu.

Mpwa wako


9 Juni

Mpwa wangu mpendwa, marahaba, na pole kwa kungoja.

Kinyozi alifiwa na mkwe, kibanda kilifungwa, kisha mvua, kisha kisigino cha mkongojo kikatoka. Mama yako hajambo. Bati limeshapigiliwa. Jirani amenunua mbwa anayeniogopa, kila nikipita anaingia chini ya gari. Mdogo wako alikuja na mtoto, meno mawili chini, ameuma kidole changu nikapiga kelele hadi mama yako akatoka na mwiko. Mjukuu huyo atakuwa wakili. Presha ya mama yako ilipanda wiki jana lakini imeshuka. Daktari amesema asipewe habari za kumshtua. Hilo nakusisitizia.

Maswali yako nimeyaona. Mambo ya barabara hayaandikiki, yanataka mtu na mtu. Tutaongea ukija. Ila nikuonye, yule mtu ana ulimi. Hata kizimbani alilia. Wewe umelelewa na nani, yeye au mimi? Nani aliyekupeleka shule mgongoni siku ya mafuriko?

Uwe na afya. Fanya mtihani, urudi nyumbani, haya mengine tuyaachie Mungu.

Mjomba wako


28 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nimefaulu. Leseni ninayo, ya magari yote makubwa pamoja na trela. Mtahini alinifanya nizunguke gari lote nikitaja kila ninachokikagua, akanipandisha mlima, akanisimamisha katikati na kuniambia niondoke bila kurudi nyuma hata kidole. Sikurudi nyuma. Mama nimeshampigia, alipiga vigelegele mpaka simu ikakoroma.

Siku ile niliyovaa nguo nzuri, kama ulivyoagiza, nilisimama nikamtaja mtu. Nilimtaja baba. Nilimfuata Mwalimu alipokuwa anafunga karakana, nikamwambia mimi ni binti wa yule utingo. Alivua kofia. Akakaa kwenye ngazi ya lori. Sikujua nitegemee nini, pengine kwamba angejitetea. Aliuliza, "Mlikuwa watoto wangapi?" Nikamwambia wawili. Akasema jela alikuwa akijiuliza hilo.

Kisha mimi nikamwuliza ilikuwaje. Akanijibu kwamba siku ile alipigiwa simu kutoka mlimani, akasema msiguse kitu, yuko njiani. Alipofika aliwakuta chini. Mahakamani alilisema hilo na wewe ukakana mbele ya jaji, ukasema simu haikupigwa.

Ulinipeleka shule mgongoni, ni kweli, na sijasahau. Ndiyo sababu nakuuliza wewe kabla ya kumwuliza mtu mwingine. Nakupa mpaka mwisho wa Julai. Usiniletee habari za mbwa.

Mpwa wako


14 Julai

Mpwa wangu,

Leo sina salamu za kupamba. Mama yako yuko uani anaanua nguo, nakuandikia nikimtazama dirishani.

Mpira wa upepo ulipasuka katikati ya mlima, gari likaganda. Baba yako alisimamisha mpita njia, tukaazima simu, fundi akasema tungoje. Miaka kumi na tisa mimi sikuwahi kufikisha mzigo nikiwa nimechelewa. Wenzangu walikuwa wananipita wakipiga honi, wananicheka. Nikaufunga ule mpira kwa kipande cha tyubu, nikachukua spana, nikakaza zote nne. Baba yako alinishika mkono. Akasema, "Shemeji, hapana. Tungoje." Nikamwambia, "Panda au baki."

Akapanda.

Hakuwa anaimba. Hilo la kuimba nililitunga kwa ajili ya mama yako.

Usidhani nilipanga. Nilizinduka hospitalini mguu haupo, dada yangu amekaa pembeni ananilisha uji kwa kijiko. Akaniuliza, nani amemfanyia mume wangu hivi? Ungekuwa wewe ungemjibu nini? Nilimtaja wa kwanza aliyenijia mdomoni. Kesho yake polisi wakaja wakaandika, keshokutwa likawa faili, likapata mhuri, na mimi sikuwa tena na mlango wa kutokea. Nilidhani atapigwa faini tu. Kisha nikasikia anafundisha breki, watu wanamsikiliza, nikajua siku moja atapata wa kumwamini. Nikakutuma wewe. Nilikuwa naogopa, mwanangu.

Nakuomba kwa maziwa uliyonyonya, dada yangu asijue. Sina mke, sina mtoto, sina mguu, nitakwenda wapi? Ukimaliza kusoma, choma.

Mjomba wako


6 Agosti

Mama, shikamoo.

Mimi ni mzima na nimepata kazi, naendesha lori la magurudumu kumi. Barua hii ni ya Mjomba, lakini nimeituma kwako kwa makusudi. Mwite akae mbele yako, sikio lake zima liwe upande wako, umsomee kwa sauti. Asiishike yeye. Ndani kuna karatasi ya pili, nakala ya barua aliyoniandikia tarehe 14 Julai. Isome hiyo kwanza, kimya, peke yako. Kisha urudi hapa.

Umeshaisoma. Kunywa maji, Mama. Meza dawa ndipo uendelee.

Mjomba, hiyo ni sauti ya dada yako, kwa hiyo nisikilize. Uliniambia nichome, sikuchoma. Kukaza boliti pengine ningekusamehe. Madereva wangapi wanafanya huo upumbavu na wanafika. Kusema uongo kitandani, umekatwa mguu, nako ningejilazimisha. Lakini ulikaa miaka minane unakula sahani inayotangulia ya mjane uliyemfanya wewe. Ulimsikia akilia bafuni, chumba chako ndicho kiko karibu, ukageukia ukutani ukalala. Halafu ukanitwaa mimi, mtoto wa yule uliyemwambia panda au baki, ukanifunza chuki herufi kwa herufi, ukanituma nikamalizie mtu uliyeanza kummaliza kizimbani. Mguu wangu ulikuwa umenyanyuka kwenye klachi, Mjomba. Ungekuwa umewaua wawili, na mimi ningekuwa wa tatu, jela, nikikuandikia barua za kukushukuru.

Nataka uumie. Siandiki kwa kuzunguka. Nataka uonje kila siku kile ulichomwonjesha yule mzee.

Barua zako halisi, ile ya kiapo, ile ya spana na ile ya kukiri, nimempa Fundi, ndiye Mwalimu wangu. Ni zake. Nilimwambia azipeleke kituoni siku atakayotaka. Alizisoma akiwa amesimama, akazifunga kwenye mfuko wa nailoni, akatia kifuani mwa ovaroli. Nikamwuliza lini. Akasema yeye alikaa miaka miwili akingoja mtu aje aseme kweli, kwa hiyo amezoea kungoja, hana haraka.

Mama, nyumba ni yako na kaka ni wako. Ukitaka abaki, sitauliza, na nitaendelea kukutumia matumizi. Ukitaka aondoke, nipigie simu, sema njoo tu. Nitaelewa.

Binti yako


20 Oktoba

Mpwa wangu,

Naandika bila kujua kama utaifungua.

Sikuwahi kukuambia ya siku ile barua yako ilipofika. Mama yako alisoma mpaka mwisho, sauti haikumkatika hata mara moja. Akaikunja, akaenda kwenye simu, akasema njoo. Kwa siku tatu alizokungoja alinipikia, akaniwekea sahani, hakunitazama. Mimi ningependa anitukane.

Ukaja na lori zima kubeba kitanda kimoja na redio. Majirani wakatoka. Uliliingiza kinyumenyume kwenye kichochoro kile, mkono mmoja juu ya usukani, hukugusa hata ua la jirani. Nilitaka kukusifu. Nikauliza nitapandaje na mguu mmoja, ngazi yenyewe iko juu vile. Ukasema, "Panda au baki." Nikapanda. Nilijivuta kwa tumbo, watu wakitazama.

Kulikuwa na njia ya chini, fupi, hukuipita. Ulinipitisha mlimani. Ulishuka kwa gia ndogo mpaka ile kona tulipoangukia, ukasimamisha gari, ukavuta hendibreki, ikashika. Sijui tulikaa muda gani. Niliona hata mti uliochubuka umeshaota gome. Kisha ukaniteremsha kwenye chumba hiki, ukaweka ufunguo juu ya kitanda, ukaondoka.

Sasa sikiliza. Hapa nyuma ya soko watu wanagonga milango siku nzima. Anayeuza mkaa, anayeleta maji, watoto. Kila hodi natoka jasho. Nimekaa na begi limefungwa tangu Agosti. Nikiona ovaroli barabarani moyo unasimama. Silali, sili, hata kunyoa nimeacha, naogopa kufumba macho kwenye kiti cha kinyozi. Nimesema nilivyosema, nimetenda nilivyotenda, sibishi. Lakini hii ya kungoja inaniua.

Mwambie Fundi apeleke zile barua. Nakuomba. Azipeleke wiki hii, yaishe. Mama yako akiuliza habari zangu, mwambie nipo.

Mjomba wako


12 Novemba

Mjomba,

Mama hajambo, presha imeshuka. Hajauliza habari zako.

Nilimpelekea Fundi maneno yako, nikamkuta uwanjani na wanafunzi wapya. Alimaliza somo kwanza. Akafuta mikono, akafikiri kidogo, akasema nikwambie kwamba kituo cha polisi unakijua kilipo.

Mpwa wako